Naini, binti Yairo au Lazaro: ipi uwasimulie watoto wadogo wakiwa na huzuni?

Jumamosi saa tatu usiku. Kesho una watoto thelathini na kitu baada ya misa ya kwanza, wa chekechea mpaka darasa la pili, halafu kwenye grupu la wasap la jumuiya inaingia meseji kwamba bibi yake fulani amefariki, na mjukuu ni mmoja wa hawa wako wanaogombania mkeka wa mbele. Au wewe ni mzazi tu, uko nyumbani, mtoto anakuuliza babu ameenda wapi na wewe mwenyewe macho yamevimba. Unachukua Biblia. Unafungua wapi?

Mimi nafundisha watoto kigangoni (kanisa dogo lililo chini ya parokia) mwaka wa tisa sasa, na wenzangu wakiulizana hili swali huwa wanarudi kwenye hadithi zilezile tatu: kijana wa mjane wa Naini (Luka 7:11-17), binti Yairo (Marko 5:21-43) na Lazaro (Yohane 11:1-44). Na ni haki yao, maana hao ndio watatu ambao Injili zinatusimulia Yesu aliwarudishia uhai mmoja mmoja, hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 646 inawataja haohao watatu kwa pamoja. Hiyo namba ntairudia huko chini, imeshaniokoa mara nyingi.

Shida ni kwamba tunazichukulia kama hadithi moja yenye majina matatu: mtu kafa, Yesu kaja, mtu kaamka, pigeni makofi, tuimbe. Ukikaa na watoto unaona kila moja inawagusa pengine kabisa, na kila moja ina mtego wake. Mitego yote mitatu nimeshaingia kwa hiyo nisikilizeni.

Nazipima hivi. Kwanza, inaingia kwenye kichwa cha mtoto wa miaka minne mpaka nane bila kumchosha? Pili, Yesu anafanya nini na machozi ya watu? Tatu, mtego uko wapi, yaani mtoto anaweza kuondoka na wazo gani baya ambalo wewe hukukusudia? Nne, watoto wafanye nini kwa mikono yao, maana mdomo peke yake haufundishi. Tano, kalenda ya Kanisa inakusaidia wapi.

Inaingia kichwani?

Naini ni aya saba tu. Unaisimulia kwa dakika tatu na mtoto wa miaka minne anaifuata mpaka mwisho. Kuna kundi linatoka mjini na maiti, kuna kundi linakuja na Yesu, wanakutana mlangoni mwa mji. Basi. Maneno mawili tu ndo ya kueleza: mjane, ambaye ni mama aliyefiwa na mume, na mwana pekee. Watoto wetu msafara wa maziko wanaujua, wengine wameshausimamia barabarani na sare za shule wakisubiri upite.

Binti Yairo, Marko ameichanganya na habari ya yule mama aliyetokwa damu miaka 12, sasa ukianza kueleza hiyo kwa watoto wa chekechea utajuta mwenyewe. Iruke bila dhambi, hata Jumapili ya 13 ya Mwaka B (masomo ya misa za Jumapili yanazunguka miaka mitatu, A, B na C) Kanisa linaruhusu isomwe kwa kifupi bila huyo mama. Ukishaiondoa inabaki hadithi tamu sana kwa watoto kwa sababu aliyekufa ni mtoto mwenzao, ana miaka 12, dada wa darasa la sita hivi. Ila jiandae kwa "Talitha, kumi". Mimi nilisoma kwa sauti nzito kabisa ya kimuujiza, mkono mmoja akanyooka: "Ticha si ulisema ana miaka kumi na mbili?" Darasa zima likacheka na muujiza ukaishia hapo. Siku hizi natangulia kuwaambia kwamba hicho ni Kiaramu, lugha ya Yesu ya nyumbani, maana yake msichana inuka, wala si namba. Wanapenda sana kujua kwamba Yesu alikuwa na lugha ya nyumbani kama wao wenye Kichaga na Kipare chao.

Lazaro ni ndefu na ina watu wengi. Kuna ujumbe unatumwa, Yesu anakaa siku mbili, wanafunzi wanaogopa, anatoka Marta, anatoka Maria, halafu kaburi, halafu jiwe. Kwa mtoto chini ya miaka sita nakata karibu nusu yote ya mwanzo, naanzia msibani. Nawaambia: kuna msiba Bethania, leo siku ya nne, watu wametoka Yerusalemu kama kilometa tatu kuja kuwafariji Marta na Maria. Hapo watoto wanajenga wenyewe turubai vichwani mwao, viti vya plastiki na wamama jikoni na masufuria, huhitaji kuwaeleza.

Kwa hiki kigezo Naini inazipita mbili nyingine kwa wadogo kabisa. Lakini ufupi wake ndo huohuo unaokuja kuponza baadaye.

Machozi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu mtoto mwenye huzuni kabla hajafika kwenye muujiza anataka kwanza kujua kama machozi yake yanaruhusiwa.

Naini, Yesu anamwona yule mama, anamwonea huruma, anamwambia "Usilie". Neno zuri sana likitoka kinywani mwa Yesu, maana dakika hiyohiyo anamrudishia mwanae. Sasa mimi na wewe tukimwambia mtoto aliyefiwa usilie, tuna nini mkononi cha kumrudishia? Nimewahi kulisema hilo neno kwa mbwembwe zote, sauti ya upole, mkono begani kwa mtoto aliyekuwa anaigiza mjane, kumbe nyuma kabisa kuna kasichana kalikuwa kanalia kimyakimya, kakafuta macho harakaharaka na ncha ya gauni kama kamefumaniwa. Nilijisikia vibaya wiki nzima. Toka hapo kila nikifika kwenye hilo neno naongeza yangu: Yesu alisema usilie kwa sababu alijua anachoenda kufanya, ila sisi tukimwona mwenzetu analia tunamwambia pole, tunakaa naye, akitaka kulia anaendelea.

Ila Naini ina kitu ambacho hizo nyingine hazina: hakuna aliyeomba. Yule mama hakumwita Yesu, hakusema naamini. Yesu alimwona tu akaenda. Kuna watoto wakifiwa wanakuwa kama mawe, huwezi kuwatoa neno, hawasali, hawaimbi, ukiwauliza wanaangalia chini. Kwa mtoto wa namna hiyo hii ni habari njema kabisa, kwamba hata asiposema kitu ameshaonekana.

Binti Yairo ina hofu kuliko huzuni. Baba mtu mkubwa wa sinagogi anaanguka miguuni pa Yesu mbele za watu kwa ajili ya mtoto wake, watoto wanashangaa sana hapo, baba kupiga magoti! Halafu inakuja taarifa kwamba mtoto ameshafariki usimsumbue mwalimu, na Yesu anamwambia baba "Usiogope, amini tu". Wakifika nyumbani ni vilio na makelele, Yesu anawatoa wote nje. Chumbani wanabaki watu saba: Yesu, Petro, Yakobo, Yohane, baba, mama na mtoto mwenyewe kitandani. Nawahesabisha watoto kwa vidole. Hiki kitendo cha kutoa kelele nje watu wazima tunakipita tu, ila mtoto aliyeona shangazi zake wakigaragara chini na kupiga mayowe anakielewa vizuri sana, kwamba Yesu alitaka pale alipo mtoto pawe na utulivu.

Na mwisho wake sasa. Binti ameamka, watu wameshikwa na butwaa, na Yesu anasema apewe chakula. Nilivyosikia hii mara ya kwanza kwa masikio ya mwalimu wa watoto nilicheka peke yangu. Wazima wote mle ndani wameduwaa, hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto alikuwa mgonjwa na atakuwa na njaa. Na msibani kwetu ndo hivyohivyo, wageni mia mbili wanakula pilau, mtoto wa marehemu anakuja kukumbukwa saa kumi jioni amelala kwenye kochi la jirani.

Lazaro, Yesu analia mwenyewe. "Yesu akalia machozi", aya fupi sana, mtoto wa darasa la kwanza anaisoma bila msaada. Na angalia, Maria anapokuja analia Yesu hamwambii nyamaza, hamwambii kuwa na imani, anafadhaika na yeye analia, na hapo anajua kabisa kwamba baada ya muda mfupi Lazaro atatoka. Alilia hivyohivyo. Kuna katoto ka kiume ka miaka saba, baba yake mdogo alikuwa amefariki kwa ajali ya bodaboda, na msibani wameshakaambia mwanaume halii. Kalininyanyulia mkono.

"Ticha, alilia kwelikweli au aliigiza?"

"Kwelikweli."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu wote."

Kakanyamaza. Kwenye kuchora kakachora Yesu mwenye machozi makubwa kama maembe yanadondoka mpaka chini ya karatasi, hakakuchora Lazaro kabisa, na mimi sikukadai.

Mtego uko wapi

Wa Naini wa kwanza nimeshausema, ni lile usilie. Wa pili unakuja polepole: yule kijana anarudishwa kwa mama yake, na watu wazima wanaigeuza hiyo kuwa kazi kwa mtoto. Msibani utasikia kajomba kanaambiwa "sasa wewe ndo baba wa nyumba, mwangalie mama". Ana miaka sita huyo! Ukisimulia Naini kwa mtoto wa mjane angalia sana usimalizie kwa kumwambia awe faraja ya mama. Aliyemfariji mama kwenye hadithi ni Yesu, kijana alikaa tu akaanza kuongea.

Wa binti Yairo ndo ulioniumiza zaidi. Yesu anasema mtoto hakufa, amelala tu. Nikaisimulia hivyohivyo kwa mbwembwe wiki moja baada ya mtoto wa darasani kumzika bibi yake, nikidhani nimetuliza. Jumatano mama yake ananipigia, mtoto hataki kulala, akisinzia anashtuka, amemwambia mama "nikilala na mimi mtanizika". Na mdogo wake akilala mchana anaenda kumtikisa. Tangu siku hiyo neno kulala kwa maana ya kufa silitumii na watoto wadogo, hata kama liko kwenye nyimbo zetu nusu ya kitabu. Nasema alikufa, mwili ukaacha kufanya kazi, haupumui, hauumwi, hausikii baridi, halafu Yesu akamrudishia uhai. Yesu kusema amelala nawaeleza kwamba ni kwa sababu kwake yeye kumwamsha mtu aliyekufa ni rahisi kama mama anavyokuamsha asubuhi uende shule. Kwake, si kwetu.

Halafu kuna "amini tu". Mtoto aliyesali kila siku mama apone na mama hakupona, ukimpa hadithi hii bila tahadhari anapiga hesabu mwenyewe: Yairo aliamini mtoto akapona, mimi mama kafa, basi mimi sikuamini vizuri. Hatakuambia. Ataibeba hivyo. Kwa hiyo sema wazi, kwa sauti, hata kama hakuna aliyeuliza: hakuna mtu anakufa kwa sababu mtoto hakusali vizuri.

Lazaro, mtego wa wadogo ni picha yenyewe. Maiti ya siku nne, harufu, mtu kafungwa sanda mikono na miguu na usoni kitambaa anatoka pangoni. Watoto wa siku hizi na klipu za mazombi kwenye simu za kaka zao, utawaambia nini. Na huku kwetu Uchagani ambako tunazika kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kaburi la babu liko hatua ishirini kutoka dirisha la chumba anacholala mtoto, kuna mmoja aliuliza kama usiku babu akiitwa atapita mlango wa mbele au wa jikoni. Aliuliza kwa furaha lakini dada yake alikuwa anatetemeka.

Kwa wakubwa kidogo mtego wa Lazaro ni kuchelewa. Yesu alipata taarifa akakaa siku mbili zaidi. "Makusudi?" Ndiyo, Yohane anasema hivyo, na usijaribu kuzungukazunguka. Marta mwenyewe alimwambia usoni, Bwana kama ungalikuwapo hapa ndugu yangu hangalikufa, na Maria akaja akarudia maneno yaleyale. Mimi nahisi huu mtego ukiushika vizuri unageuka zawadi, maana mtoto anajifunza kwamba Yesu anaweza kulalamikiwa na hakasiriki. Lakini ni kwa miaka saba na kuendelea, chini ya hapo usiuguse.

Cha kufanya kwa mikono

Naini watu wengi wanaiigiza na mimi niliiigiza. Tukachukua benchi, tukafunika kanga, kijana akalala juu, wanne wakabeba. Kabla hatujafika mlangoni mwa mji akatokea bibi mmoja wa jumuiya kashika kiuno: "Nyie mnachezea msiba? Uchuro huo!" Hakuna cha Injili wala nini, benchi likashushwa. Nilikasirika kidogo lakini baadaye nikaona ana hoja, sio kila mzazi atafurahi kusikia mwanae alibebwa kama maiti kanisani, na mwenye msiba nyumbani ndo kabisa. Sasa hivi nachora mlango mkubwa ukutani kwa chaki, nagawa watoto makundi mawili, moja linatembea taratibu bila kuongea, jingine linakuja linaimba, wakikutana wote wanasimama kimya wanahesabu mpaka tano. Ile kimya ya watoto thelathini hapo mlangoni inasema zaidi ya benchi.

Binti Yairo ni rahisi mno, leteni chakula. Karanga, maandazi, uji kwenye chupa ya chai, vikombe vya plastiki. Kila mtoto anampa mwenzake, hajipi mwenyewe, na wakati wa kupeana anasema jina lake na "inuka". Gharama yake haizidi ya krayoni.

Lazaro watoto wa kiume watapigana nani awe Lazaro. Tishu usinunue, ni hela bure, vipande vya khanga vya zamani vinatosha, na usimfunge mtoto usoni. Kizuri ni ile sehemu ya "mfungueni", kwa sababu Yesu kazi ya kumfungua aliwaachia watu waliokuwepo. Kwa hiyo wote wanamfungua, kipande kimoja kimoja, na kila anayefungua anasema jambo moja atakalomfanyia mwenzake aliye na huzuni. Nimesikia majibu mengi ya kukariri, "nitamwombea", "nitamwombea", mpaka mmoja akasema "ntamwachia mpira wangu mpaka Ijumaa".

Kalenda

Hapa haraka tu. Naini ni Jumapili ya 10 ya Mwaka C ambayo miaka mingi inamezwa na sherehe, ila inarudi kila mwaka Jumanne ya juma la 24, katikati ya Septemba, siku zilezile za kumkumbuka Bikira Maria Mama wa Mateso Septemba 15, naye alikuwa mama wa mwana mmoja. Inasomwa pia Agosti 27 kwa Mtakatifu Monika. Binti Yairo ni Jumapili ya 13 Mwaka B. Lazaro ni Jumapili ya 5 ya Kwaresima Mwaka A, na Julai 29 ni kumbukumbu ya Marta, Maria na Lazaro wote pamoja tangu Papa Fransisko alipowaunganisha mwaka 2021. Novemba 2 unaweza kutumia yoyote, ila mimi huwa naenda Lazaro kwa sababu ya kaburi.

Swali linalokuja kwa zote tatu

"Mbona bibi hakuamka?"

Litakuja. Usipoulizwa na mdomo utaulizwa na macho. Hadithi zote tatu zinaisha vizuri na msiba wa huyu mtoto haujaisha vizuri, na hakuna hadithi kati ya hizi inayokukwepesha hapo.

Ile namba 646 ya Katekisimu inasema kwamba ufufuko wa Kristo haukuwa kurudi kwenye maisha haya ya duniani kama ilivyokuwa kwa binti Yairo, kijana wa Naini na Lazaro, ambao walikuja kufa tena. Watoto hilo la kufa tena linawashtua halafu linawatuliza, sijui kwa nini lakini nimeliona. Nikiwaambia "Lazaro naye baadaye alikuja kufa, watu wakalia tena", wanatulia, wanaona kumbe bibi hakurukwa. Naendelea hivi: Yesu aliwarudisha hao watatu kwa muda ili watu waone kifo hakimshindi. Bibi hatarudi jikoni, na hiyo inauma, na hata Yesu iliwahi kumuuma. Lakini Yesu mwenyewe alifufuka hafi tena, na ameahidi kutufufua wote hivyo, bibi akiwemo. Sisi sasa tunamwombea. Na hapo wanasema ile wanayoijua wote kwa moyo, raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie, apumzike kwa amani. Mtoto anapewa kitu cha kumfanyia bibi yake. Mshumaa mmoja, jina la bibi, sala moja kila Jumapili.

Na tafadhali, zile za "Mungu amempenda zaidi" waachieni wazima wenzenu. Mtoto akisikia Mungu anachukua anaowapenda, anaanza kuomba asipendwe.

Basi, wewe uko wapi?

Mtoto ana miaka minne au mitano, amefiwa na mtu wa mbali kidogo au ameona tu msiba mtaani: Naini, kwa kifupi, na lile neno usilie ulifafanue.

Anayelia sana nyumbani ni mama na mtoto anamwangalia hajui afanye nini: Naini pia, ila wasimulie wote wawili, mama akiwepo, ili mtoto asikie kwamba Yesu ndiye anayemshughulikia mama.

Mtoto anaogopa, anaumwa, au ndugu yake kalazwa: binti Yairo, kwa sababu ya baba aliyeenda kuomba na Yesu aliyekubali kuja. Usiahidi kwamba mgonjwa atapona. Sema Yesu anakuja nyumbani, basi.

Mgonjwa alishafariki baada ya watoto kumwombea sana: hapo binti Yairo iache kwanza, miezi kadhaa, nenda Lazaro.

Amefiwa na kaka, dada au rafiki, ana miaka saba na zaidi, na ana hasira: Lazaro, na maneno ya Marta umwachie ayaseme yeye mwenyewe kwa sauti yake.

Mtoto wa kiume aliyeambiwa asilie: Lazaro, aya ile moja tu inatosha, wala usifike kwenye kaburi.

Huzuni isiyo ya msiba, wazazi wameachana, rafiki kahama, kapelekwa bweni: hizi za kufufua watu ni nzito mno kwa hilo, ila ile sehemu ya chakula ya binti Yairo inafaa kwa karibu kila kitu.

Darasa lina mchanganyiko, mmoja kafiwa na ishirini na tisa wako fresh: usiibadilishe siku nzima kuwa ya huyo mmoja, atajisikia amesimamishwa mbele. Simulia yoyote kati ya hizo kama ulivyopanga, mkalishe karibu nawe, na mzazi wake ajue kabla.

Na asiyetaka kusikia yoyote muache. Mwaka jana kuna mmoja alikaa Jumapili tatu mgongo ukutani, haongei, haimbi, krayoni hagusi. Ya nne akanisogelea nikiwa nafunga mkeka, akaniuliza kama nakumbuka ile stori ya dada aliyepewa chakula, nikamwambia ndiyo naikumbuka, akasema basi na yeye leo hajanywa chai.